Mtungi wa Mshumaa

Nawasha mshumaa mtungini, nafunika.
Ukizima wenyewe, hewa imewafaa
vimelea wangu wa malaria, wa mtoto wa Likoni,
wanaokula damu yangu, kundi O, tangu Rajabu.

Wamenona. Lakini mbu wa kizimbani
akiwafyonza, habebi kitu.
Kwa kulishwa tu, wamesahau safari.
Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema Bwana Shekuwe;
njoo uone, Bwana:
jongoo, na mtungi hapandi.

Leo, wodini Makadara, homa mpya.
Tone moja, kioo, darubini:
hizi hapa, mbegu zenye umbo la ndizi,
kali, tayari kwa mbu.

Nikatabasamu.

Dirishani mamake, leso kaikunja mkononi,
akaniona,
akadhani ni heri,
naye akatabasamu.