Isipokuwa

Kijitabu chenyewe ni chembamba kuliko daftari la shule.
Kilikaa miaka miwili juu ya kabati la vyombo
chini ya chupa ya chai,
kikapata duara la kahawia kwenye jalada.
Kadi ndiyo niliyoitunza. Niliifunga nailoni,
nikaishonea mfuko ndani ya sweta,
maana ukungu wa Isyonje huingia hata sandukuni.

Tulilipa kwa viazi, magunia mawili ya lumbesa.
Bwana wa kipaza sauti alisema pale ofisi ya kata:
"Mama, ukishakuwa na hii, umetibiwa."
Umetibiwa.
Alilitamka kama jambo lililokwisha kutendeka,
nasi hata hatujaugua.

Mwezi wa nne Ambakisye alipanda mparachichi
kufuata yale ya juu, yasiyo na doa.
Tawi lilikuwa limelowa.
Niliusikia mfupa kabla ya kumsikia yeye.

Zahanati, kadi. Wilayani, kadi.
Picha, kadi. Barua ya rufaa, kadi,
na wino wa mhuri haujakauka tukaipita Uyole usiku,
nimeishika kama mtoto anavyoshika mkono wa mkubwa
wakivuka barabara.

Mbeya mjini, dirisha namba nne,
kijana Gwamaka, jina lake liko kifuani,
aliigeuza kompyuta nijionee mwenyewe.
Hakuwa mtu mbaya.
"Kitanda kimo. Daktari yumo.
Sindano ya usingizi imo, uzi umo.
Chuma hakimo."
Chuma gani?
"Cha kuunga paja. Na skrubu zake nane."
Nikauliza skrubu moja shilingi ngapi,
kana kwamba nimesimama duka la mabati.

Nilimpigia simu Tumpe, yuko darasa la tano,
akitoe kijitabu chini ya chupa, anisomee.
Alisoma kama anavyosomea mtihani,
akituama kwenye kila nukta.
"Mama, kuna neno moja linajirudiarudia."
Lipi?
"Isipokuwa.
Matibabu yote ya upasuaji, isipokuwa.
Dawa zote zilizoorodheshwa, isipokuwa.
Vifaa vyote..."
Vocha ikaisha.

Nikabaki na neno hilo kwenye benchi la koridoni.
Silabi tano. Nimelitumia maisha yangu yote
kuwatenga kuku wagonjwa na kuku wa kuuza,
sikujua kuwa na mimi naweza kutengwa nalo.
Nikamtazama mume wangu alivyolala.
Ngozi yake imelipiwa.
Damu yake imelipiwa, na homa yake pia ikija.
Katikati ya paja, mahali pa upana wa vidole vinne,
ndipo ulipopita mpaka wetu na bima,
na hakuna aliyekuja kutuonyesha jiwe.

Ndama wa Tumpe aliuzwa kwa simu, Jumatano,
kwa mtu wa Kiwira ambaye hakuuliza jina lake.
Kikundi chetu kilichanga wote,
isipokuwa Subilaga, aliyekuwa na msiba,
naye akaleta kuni.

Sasa anatembea. Anachechemea kidogo akishuka bondeni.
Baridi ya mwezi wa saba huisikia kwenye chuma,
huhesabu skrubu kwa kidole juu ya suruali:
hii kikundi, hii kikundi,
hizi tano ni ndama.
Tumpe hacheki.

Juzi bwana wa kipaza sauti amerudi.
Nimelipa tena, msinishangae.
Kitanda na uzi na ule usingizi
vingekula shamba lote mpaka kwenye mto.
Ila nilimwambia kwanza azime hicho kidude,
akae, anywe chai,
aanze kusoma ukurasa wa mwisho.

Tumpe alikaa ubavuni kwake
na kalamu nyekundu.