Novemba ya Veikko

Turku, Januari. Saa tatu asubuhi, kungali kiza.
Aulikki anafungua friji, mvuke unamrukia usoni.
Anachomoa kichupa: uboho wa Veikko, fundi wa piano,
siku ya mia na themanini
tangu apandikizwe seli za dada yake.

Damu yake sasa ni ya kike.
Hutania wauguzi: nikikasirika, anayechemka ni Raili.

Leo mashine inahesabu.
Katika seli mia, tisini na tisa ni za Raili.

Moja si yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Hii imevua hata hiyo nguo,
imetupa alama ya ukoo,
walinzi wa dada wanapishana nayo
wasiitambue.

Basi Aulikki anatafuta alichoangusha mwizi:
herufi moja iliyogeuka katika jeni,
protini iliyopanda kidogo tu mwezi wa Novemba,
Veikko angali akila vizuri, akipiga miluzi,
na daktari akiandika: safi.

Ilikuwapo. Hakuna aliyejua kuisoma.

Anaandika kwa penseli, anafuta, anaandika tena.
Ndani ya friji vimebaki vichupa mia tatu na kumi na viwili
vya watu ambao Novemba yao
haijafika.