Daftari la Zahanati, Ziwa la Mwari

Likizo yangu ya siku kumi na nne nimeileta huku,
kaskazini mwa Winnipeg, kwenye misonobari na mbu.
Mshahara: kitanda cha chuma, mapishi ya Bi Toews,
na fulana ya kijani yenye mstari wa Zaburi mgongoni,
imefuliwa miaka mingi hata "Bwana" amefifia.

Jokofu ni moja. Insulini ya Maelle
imekaa bega kwa bega na juisi ya tufaha.
Mlangoni nimebandika: USIGUSE, HATA UKIWA MCHUNGAJI.
Mchungaji Klassen aligusa.

Asubuhi, baada ya uji na kabla ya neno la Mungu,
wanapanga foleni dirishani kwangu:
kidonge cha utulivu, pampu ya pumu,
mafuta ya ukurutu, matone ya jicho.
Nawaita kwa majina yao yote
kama watakavyoitwa siku ya mwisho,
nao wananyoosha ulimi kuonyesha wamemeza.
Sijui kama hii ni sala. Najua hesabu imetimia.

Kisha siku inatawanyika.
Kupe nyuma ya sikio; nimemng'oa kwa kibano,
wavulana wakamwomba, wakamtia chupani, wakamwita Goliathi.
Msichana aliyezimia katikati ya nyimbo:
Roho, au jua, sikubishana,
nilimpa maji yenye chumvi na sukari.

Kolton Reimer, miaka tisa, huja saa tatu usiku,
usiku wa jina tu, maana jua la huku mwezi wa saba
hukaa juu ya ziwa kama mgeni asiyejua kuaga.
Jumapili ilikuwa tumbo. Jumatatu, kisigino.
Jumanne sikio, "lakini si hili, lile."
Jumatano tumbo tena, limehamia mgongoni.
Joto la mwili: thelathini na sita na nusu. Kila siku.

Miaka ishirini na miwili nimeuguza watu wazima
wanaoficha maradhi mpaka kifo kiwaumbue.
Mtoto hufanya kinyume: hutanguliza maradhi,
akajificha nyuma yake.

Alhamisi nikaichukua tena fomu yake.
Chini kabisa, penye "Mengineyo",
mama yake aliandika kwa kalamu nyingine, herufi ndogo:
*Baba yake alianguka ghalani mwezi wa tatu. Moyo.
Hazungumzi habari hiyo. Tafadhali msimlazimishe.*

Jioni ile lilikuwa goti. Sikuuliza goti lipi.
Nilivua stetoskopu shingoni, nikaiweka mezani,
nikajifanya natafuta plasta.
"Hiyo," akasema, "mtu anaweza kujisikiliza mwenyewe?"

Chuma nilikipasha kwanza kiganjani.
Akakishika, akapapasa juu ya fulana yenye tope,
chini kidogo, kushoto,
akapata.
Nje Jorie Friesen alikuwa akiwafokea wenzake wapige mswaki.
Mlango wa wavu ulijigonga, ukajigonga tena.
Uso wake, sijui niueleze vipi,
kama mtu anayehesabu chenji gizani,
anarudia, haamini.

"Unasimama?"
"Sasa hivi? Hausimami."
"Baadaye?"

Wodini tuna jibu la swali hilo, limechapwa, lina kurasa.
Hapa kambini wana jibu jingine, na gitaa.
Mimi nilikuwa na kiti.
Nikamsogezea.

Jumamosi magari yakajaa changarawe.
Nikarudisha vidonge katika mifuko yenye majina,
nikatia sahihi, nikatoa soksi zisizo na wenyewe.
Mama Reimer akauliza, "Alikusumbua sana?"
Kolton alikuwa garini tayari, ameangalia mbele,
mkono mmoja ndani ya shati.
"Alinitembelea," nikamwambia.

Daftari linadai safu nne zijazwe.
Saa: tatu usiku.
Jina: Reimer, K.
Shida: anasikiliza.
Dawa:
Mkurugenzi akikagua, nitasema wino uliisha.