Ulimi Kati ya Meno

Muhula mzima nilimwita Nyakuosi,
naye akaitika.
Asubuhi ile, darasa la watoto wadogo, Bweyale,
mvua ikiyapiga mabati kama inayadai deni,
nilipofika kwenye jina lake
akasimama mkekani, akasema:
"Mwalimu, huyo si mimi."

Drateru akacheka.
Alituha akacheka kwa sababu Drateru amecheka.
Nami, mzaliwa wa hapa hapa Bunyoro,
niliyepewa jina la mapenzi, Abwooli, kabla sijaota jino,
nikaona nimrahisishie njia, au nijirahisishie:
"Nikupe Ateenyi, mwanangu? Ni jina tamu, jepesi."
Akatikisa kichwa.
"Ninalo. Bibi alinipa tukiwa bado kwetu."

Kisha akanijia, akanishika kidevu
kwa vidole vyenye vumbi la chaki.
"Toa ulimi. Kidogo. Si hivyo.
Weka hapa, kati ya meno."

Darasa zima likatoa ulimi:
ndimi thelathini na moja,
nyingine bado zina rangi ya zambarau za njiani.
Nyakuo, Nyakuo,
Nyakuoth.
Ocaya, mwenye pengo mbele, alipata mluzi tu.
Nyakuoth akamwendea, akachuchumaa, akangoja.
Hakumcheka.

Miaka kumi na mmoja
nimeandika juu ya ubao ule ule:
Kila mtu ana thamani.
Na miaka kumi na mmoja nimesoma "samani,"
na watoto, watiifu, wakaitika "samani,"
wakikitazama kiti changu chenye mguu wa kuunga,
kabati lisilofungika,
wakiamini, nadhani, kwamba kila mtu
ana meza yake mahali fulani.

Leo nikalisoma polepole,
ulimi ukichungulia kama panya mlangoni.
Thamani.
Nyakuoth akainua uso
kana kwamba nimemwita.

Uji ukapoa bila mtu kuuulizia.
Drateru, aliyekuwa amenyamaza mno,
akavuta sketi yangu:
"Mwalimu, na langu?
Langu pia unalivunja?"

Sikujua.
Nikalifungua daftari la mahudhurio upya,
nikaketi chini, mkekani, magoti yakilia,
kidole kwenye jina la kwanza.
"Haya," nikasema. "Nifundisheni."