Nimekaliwa

Mama husema kizuri chajiuza,
kibaya chajitembeza.
Mama hajawahi kuuza nyumba Hamilton
mwezi wa pili, theluji magotini,
mtaa ambao kila mlango una dalali wake
na kila dalali ana meno meupe kuliko yangu.

Kwa hiyo nikajitembeza.
Nikakodi benchi la kituo cha basi, mtaa wa Barton,
dola mia mbili na themanini kwa mwezi:
uso wangu kwenye mgongo wa benchi,
mikono nimeikunja kama mwalimu wa zamu,
na chini: ZUHURA MWINYIHAJI. NAKUFUNGULIA MLANGO.
Fundi wa mabango aliniomba nilikate jina.
"Zu tu," alisema, "herufi zitanenepa."
Nikamwambia akate mlango, jina aliache.

Mwezi wa kumi niligawa maboga
nyumba kwa nyumba, mia moja na ishirini,
kila moja na kadi yangu imefungwa kwa utepe.
Maboga yakatobolewa macho, yakawashiwa mishumaa;
kadi zikaenda na mvua.
Nikagawa kalenda za sumaku.
Nimeingia majikoni mwa watu nikazikuta kwenye friji
zimeshikilia bili ya umeme,
ratiba ya hoki ya mtoto,
na namba ya dalali mwingine.

Nikaona tabasamu halitoshi, mkono nao utoke.
Thamani ya nyumba yako, nakupimia bure.
Gari la kuhamia, langu, mafuta nimeshajaza.
Mpiga picha juu yangu.
Na robo ya ujira wangu nakurudishia
siku ya kukabidhi funguo, mbele ya wakili, kwa risiti,
maana zawadi isiyo na karatasi
huitwa jina jingine.
Athumani, mume wangu, akapiga hesabu nyuma ya bahasha:
"Yaani unamlipa mtu ili akuajiri."
Nikamwambia hata muuza mchicha hutia basela,
majani manne juu ya fungu,
na si kwa wema. Ni ili kesho urudi.

Simu ikalala.
Nikaikagua kama ina mtandao.
Ilikuwa nao.

Nikipita pale kwenye benchi, najificha mwenyewe.
Asubuhi moja theluji imenifika puani.
Siku nyingine kijana kanichorea masharubu,
mazuri, sina budi kusema, ya kistaarabu.
Na watu wananikalia:
wa zamu ya usiku kutoka kiwanda cha chuma,
kofia ngumu mapajani, wanasinzia;
msichana anakula chipsi, anafuta vidole begani kwangu.
Wateja huwa nawaambia, nyumba ni kukaliwa.
Sikumaanisha hivi.

Mwezi wa tatu, Jumanne, ikaja sauti ya kizee,
Kiingereza chenye kokoto za Kroatia:
"Wewe ndiye wa benchi?"
Ndiye.
"Mimi Dragica. Nimekukalia miaka miwili
nikingoja basi namba mbili.
Theluji nakufuta usoni kwa glavu,
si vizuri kumkalia mtu usiyemwona macho.
Sasa sikiliza. Nyumba imenizidi ngazi."

Nilikwenda na orodha yangu yote.
Kipimo bure, gari bure, picha, robo ya ujira…
Akainua kiganja, nikadhani atasema
hayo yote hayana maana, mwanangu.
"Gari nitachukua," akasema.
"Picha piga, ila si chumba cha Stjepan.
Ile robo…" akatazama dirishani, "hiyo nipe.
Na bango lako lisisimame mbele ya waridi."

Nililisimamisha kando ya waridi.
Siku kumi na moja, ikaondoka.

Mama kaniuliza kwa simu: sasa hapo kilichojiuza ni kipi?
Nikamwambia mtandao unakatika.

Benchi nimelilipia mwaka mwingine.
Fundi kauliza kama ayafute masharubu.
Ayaache.
Dragica kahamia gorofani, kituo kimoja mbele,
na Ijumaa nilimwona pale pale, karudi nyuma kwa miguu,
mkoba mapajani,
amenikalia.