Chapa ya Tausi

Miaka ile ya bei za serikali ubaoni
nilikuwa mpima nguo dukani kwa Valji Monji, Kisumu,
mtaa unaoteremkia stesheni,
wari ya chuma mkononi, mkasi shingoni kwa uzi.

Kabla ya vita mawakala walikuja kwa zamu:
wa Manchesta, kofia ya jua,
akiivuta bafta kwa meno tuone haichaniki;
wa Bombei na kalenda zake za bure.
Wa Osaka hakuja. Alituma bei tu,
na bei ile ikatosha:
marekani ya wengine ikalala rafuni ikifuga vumbi.

Desemba moja Mjapani akawa adui.
Majora yake arobaini yakabaki ghalani,
hayana kwao, hayasemeki.
Manchesta wakaandika: tunafuma parashuti, subirini.
Bombei wakaandika: bei maradufu, chukua au acha.
Tukasubiri miaka miwili. Rafu zikawa mbao tupu.
Ndipo Valji akaniita, taa ikiwa imeshushwa utambi.

Siku tatu, usiku, tulilowesha ncha za majora karaini,
ndimu na chumvi,
hadi samaki wawili wa Osaka wakafifia.
Kisha muhuri mpya, tausi,
mkia umekatika kidogo upande wa kushoto
maana mchongaji alikuwa na haraka.

Ogweno, fundi wa barazani,
alipapasa kwa kidole gumba, akanusa wanga.
"Tausi huyu ananuka samaki," akasema,
akaendelea kushona.

Februari, pesa za pamba zilipotoka,
akaja Yunia Aloo kutoka Kano.
Pamba yake ilipimwa Kibos,
ikapanda reli kwenda inakokwenda,
sasa anairudia kwa bei ya mgeni.
Mwanawe yuko Keya, huko Burma,
anapigana na hao Wajapani.
Anataka wari nne, nguo ngumu,
ya gauni la siku ya kumpokea.

Akashika ncha. Akamtazama tausi.
"Hii ya wapi?"

Sura za mawakala nimezisahau, na bei nyingi pia.
Lakini kalamu ya Valji ilisimama juu ya daftari,
na cherehani nje ikanyamaza.

"Bombei, mama."

Nikapima wari nne,
nikaongeza shubiri moja
ambayo hakuiomba,
na mpaka leo sijui
nilikuwa namlipa nani.