Wageni wa Agosti

Mtambo huu ulijengwa kwa watu mia sita.
Tuko hamsini na wanane,
nikimhesabu na padre, ajaye Jumapili ya pili
na kuondoka bila hata kunawa.

Funguo ninazo mimi.
Baridi ya Valdecierzo hung'ata kufuli
mpaka nilipulizie, kama chai.
Pampu moja inakohoa.
Ya pili tuliizima mwaka ilipofungwa shule.

Watu hudhani adui yangu ni uvundo.
Laiti ungekuwepo!
Ninachoogopa ni maji mepesi,
maji ya mzee anayeoga kwa kopo,
ya mjane anayechemsha yai moja
na sufuria akaiacha bila kuosha.

Kalamu ya mashine huchora usiku kucha.
Saa tisa na robo, kilima kidogo:
Visitación ameamka, amevuta maji, amerudi kulala.
Miaka kumi na moja nimekisoma kilima hicho
wala sikumwambia. Ungeanzaje?
Novemba, karatasi ikaja tambarare.
Niligonga mlango wake kabla kengele haijalia.

Ndani ya tangi wanaishi wengine,
hawamo katika daftari la wapiga kura.
Mhandisi kutoka Teruel alinionyesha kwa hadubini:
kengele ndogo juu ya mabua,
zikijikunja, zikijikunjua,
zikila tulichokikataa.
"Wana njaa," akasema. "Mmebaki wachache mno.
Walishe."

Basi Januari nzima nabeba magunia
ya chakula cha mbwa.
Mhasibu wa halmashauri akapiga simu:
"Casilda, mbwa gani huyo? Hatuna mbwa."
Nikamjibu ni wengi, ila hawabweki.
Eutimio naye huniletea maji ya jibini kwa ndoo,
hamwagi hata tone njiani,
utasema amebeba mtoto wa kubatizwa.

Kisha Agosti.
Magari yanapanda na masanduku juu ya paa,
wajukuu wa Zaragoza, wajukuu wa Barcelona,
na mmoja wa Lyon asiyejua salamu yetu.
Wanaoga mara tatu kwa siku.
Wanakaanga, wanatapika usiku wa sherehe,
wanatupa chooni vitambaa, vijiti, kiatu cha mwanasesere.
Chekeche linajaa, mgongo wangu unalia,
na tope linarudi rangi ya kahawa,
linanuka udongo uliopata mvua.
Watoto wakipita getini hubana pua.
Baneni tu!
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
na wenyeji wangu wameamka wote, wanakula.

Nyumba ya Visitación ilifunguliwa tarehe kumi na mbili.
Binti ya mwanawe, mwenye mimba,
analala kwenye kitanda cha bibi yake.
Asubuhi yake niliivuta karatasi taratibu,
kidole kikitangulia macho.

Palikuwa na kilima.
Si saa tisa na robo. Saa kumi kasoro,
na kipana zaidi.

Nikaandika tarehe, nikaitia karatasi kwenye faili.
Nje, maji yalikuwa yakiingia kijitoni
meupe kiasi cha kuona changarawe.
Nikavaa glavu. Vitambaa havijiondoi.